Mita Tano Zisizokuwepo

Mti wa kumi na saba katika kiwanja cha nne ulikuwa na urefu wa mita tisa. Niliupima mimi mwenyewe, mara mbili, kwanza nikiwa upande wa juu wa mteremko na kisha upande wa chini, kwa sababu mteremko hudanganya jicho. Kwenye ripoti mti huo una mita kumi na nne. Kati ya siku niliyoupima na siku ripoti ilipochapwa zilipita wiki sita za kiangazi, bila tone la mvua, na hata mvua ingenyesha hakuna msonobari unaorefuka mita tano katika wiki sita. Nayaandika haya miaka kadhaa baadaye na bado naikaba kalamu kama ninayetaka kuivunja.

Mimi ni mpima miti. Nilizaliwa Mvumi, nikasomea cheti cha misitu, na tangu nimalize chuo kazi yangu imekuwa kuzungusha tepu kwenye mashina ya miti ya watu wengine. Hakuna mizani inayoweza kubeba mti ukiwa umesimama. Kwa hiyo unapima unene wake kwenye usawa wa kifua, unapima urefu, unaingiza tarakimu hizo mbili kwenye kanuni, na kanuni inakukadiria uzito mkavu wa mti: shina, matawi, majani na mizizi. Karibu nusu ya uzito huo ndiyo kaboni, iliyotoka kwenye hewa ukaa ambayo mti umeivuta na kuifungia ndani ya mwili wake. Lakini kanuni haijitungi yenyewe. Kuna watu mahali fulani walikata miti kadhaa, wakaikatakata, wakaipima kipande kwa kipande mpaka wakajua kwamba unene fulani na urefu fulani huwa na uzito fulani. Kanuni inaijua miti ya mahali hapo. Ukiipeleka kwingine inabidi uitazame kwa mashaka, kama unavyomtazama fundi anayetaka kukushonea gauni kwa vipimo vya mtu mwingine.

Aliyenipa kazi ya kupima mlima ule wa misonobari alikuwa dada yangu wa chuo. Si ndugu wa damu. Alinitangulia miaka miwili, na nilipofika chuoni sina viatu vya porini alinipa vyake vya zamani, akavijaza magazeti kwa mbele ili vinitoshe. Nikaanza kumwita dada siku hiyo, naye akaniita mdogo wangu. Yeye aliendelea na masomo mpaka akawa mtaalamu, akaajiriwa na kampuni moja ya biashara ya hewa ukaa, inayowauzia wachafuzi wa nchi za mbali hesabu ya kaboni iliyomo kwenye misitu ya vijiji na kukipa kijiji sehemu ya fedha, iliyokuwa na ofisi ghorofani mjini Dodoma. Mimi nilibaki na tepu. Aliponipigia kunieleza kwamba kuna shamba la misonobari kaskazini mwa Haneti linataka kupimwa, na kwamba anataka mtu anayemwamini, nilifunga begi siku hiyo hiyo.

Misonobari haikai vizuri kwetu. Ni miti ya baridi na ukungu, na Dodoma inajulikana kwa upepo na vumbi. Lakini juu ya ule mlima, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki kutoka Haneti, kuna ubaridi kidogo, na zamani mvua ilikuwa ikikata makorongo makubwa na kumwaga mchanga kwenye mashamba ya mtama ya chini. Wanakijiji, Wagogo na Warangi waliooana mpaka watoto hawajui waseme lugha gani nyumbani, waliletewa miche wakaambiwa waipande mlima mzima. Waliipanda. Iliyosalia ni ile iliyomwagiliwa.

Hayo niliyapata kwa mwenyeji wangu. Kamati ya mazingira ya kijiji ilinipa mama mmoja wa miaka sitini na kitu anitembeze mlimani, kwa sababu yeye alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba maji. Walichota bondeni, wakapanda na ndoo kichwani, kila mwanamke na mstari wake wa miche, kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu. Siku moja alipofungua kitambaa apanguse jasho niliona utosini mwake mahali pasipo nywele, pa ukubwa wa kitako cha kikombe. Aliona nimeona. Akaniambia kwamba hapo ndipo ndoo ilipokaa, na kwamba nywele zilikataa kurudi.

Tulifanya kazi pamoja siku kumi na nane. Mimi nilipima, yeye alinishikia ncha ya kamba na kunionyesha mipaka ya viwanja. Tarakimu niliziandika kwanza kwenye daftari, halafu jioni nikazihamishia kwenye kishikwambi nilichopewa na ofisi, kwa kuwa chaji ya kishikwambi ilikuwa haifiki adhuhuri. Miti ilikuwa mifupi na iliyopinda. Mingi ilivunjika kilele. Na mingine, mama yule alikuwa akiigonga kwa mpini wa panga kabla sijaigusa, anatega sikio, kisha ananiambia huu una sauti ya debe. Nilidhani anatania. Kwenye mti wa tatu wa namna hiyo alichokonoa kwa ncha ya panga karibu na mzizi, panga likazama mpaka katikati, ukamwagika udongo mwekundu wa mchwa. Kuanzia hapo kila mti wenye sauti ya debe nikauandikia kwenye safu ya maoni: una tundu ndani. Niliona fahari kuandika hivyo. Niliona kwamba hii sasa ndiyo kazi.

Kabla sijaondoka alinipikia ugali wa uwele na mlenda nyumbani kwake, akaniuliza swali moja tu. Aliuliza kama nikishapima watajua kwamba ile miti ilimwagiliwa. Nilimjibu kwamba watajua ina uzito gani. Alisema si mbaya.

Wiki sita baadaye dada aliniita ofisini nisaini ripoti. Mpima mkuu lazima asaini kila jedwali, ili mkaguzi akija ajue nani alikuwa mlimani. Alikuwa ameniwekea chai na karanga mezani. Nikaanza kupekua kurasa, na kwa kuwa miti niliyoipima naikumbuka kama watu wanavyokumbuka sura, niliona mapema kwamba hii siyo yangu. Kiwanja cha kwanza kilikuwa kimerefuka. Cha pili vilevile. Nilipofika kiwanja cha nne nikaweka kidole kwenye mstari wa kumi na saba.

"Dada, huu mti una mita tisa."

Hakuangalia karatasi. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtu, kwamba urefu niliouleta haukukaa kwenye mchoro. Kanuni waliyoitumia ilitoka kwenye mashamba ya nyanda za juu kusini, na kwa kanuni hiyo msonobari wa unene ule hutakiwa kuwa na mita kumi na nne. Kwa hiyo wameurekebisha urefu. Nikamuuliza na safu ya maoni iko wapi, maana sikuiona kabisa, miti yangu yote yenye matundu imekuwa mizima. Alisema safu hiyo haina sehemu kwenye programu.

"Kwa hiyo miti ndiyo iliyokosea?"

"Mdogo wangu, saini. Mkaguzi anakuja Jumatatu, na kijiji kinasubiri fedha za madarasa."

Nikasaini.

Nalisema waziwazi kwa sababu nimesikia watu wakilisimulia tukio hili na kunifanya shujaa. Nilisaini kurasa kumi na moja. Nilikunywa na chai. Nilijiambia dada anajua zaidi yangu, nikajiambia madarasa ni jambo jema, nikajiambia hewa ukaa haionekani na kwa hiyo hakuna atakayeumia. Hili la tatu ndilo linalonitia hasira zaidi nikilikumbuka, kwa sababu nililiamini.

Miezi mitatu ikapita. Nikatumwa tena mlimani, safari hii kugongomea vibao vya namba kwenye miti. Nilishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya kijiji yapata saa sita mchana, jua limesimama utosini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni mwenyeji wangu amekaa chini, uwanjani, miguu ameinyoosha, pembeni yake mzigo wa kuni. Ni matawi makavu ya msonobari, yale membamba yanayodondoka yenyewe. Juu ya mzigo kulikuwa na karatasi iliyochomekwa kwenye kijiti. Iliandikwa kilo ishirini na tatu na nusu.

Chini ya mwarobaini alisimama mgambo wa kijiji. Nilimuuliza kuna nini. Alinijibu akitazama viatu vyake. Mradi ulipopitishwa mlima ulifungwa, haingii mtu, na kila kinachotoka kipimwe na kuandikwa, kwa kuwa kinapunguza hesabu ya msitu. Akanionyesha kwa kidole mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya alizeti, ilivyofungwa kwenye tawi. Alisema wamemkamata asubuhi na anamsubiri mtendaji aje aandike faini.

"Nimemwomba shangazi akae kivulini," alisema mgambo. "Amekataa."

Ndipo nikajua ni shangazi yake. Nikaenda pale alipokaa, nikachuchumaa.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Sijawahi, tangu nizaliwe, kumwamkia mtu mzima akaninyima marahaba. Alinitazama muda mrefu, jasho linamtiririka shingoni, kisha akasema taratibu:

"Wewe ndiye uliyewaandikia kwamba ule msitu ni mzito."

Niliitazama ile karatasi ya kilo.

"Mzito hivyo, halafu kuni zangu zinaupunguza?"

Nilisimama. Kuna hasira inayokuja kwa kelele na kuna inayokuja kimya, na ile ilikuwa kimya kabisa, nilisikia mpaka upepo ukipeperusha ile karatasi. Ofisi nzima ya ghorofani, yenye programu na mkaguzi na ndege nyuki iliyoruka juu ya mlima kupiga picha, haikuwahi kuweka kwenye mizani hata kijiti kimoja cha miti ile. Kitu pekee kutoka mlima ule kilichowahi kupimwa kwa mizani ya kweli kilikuwa mzigo wa mwanamke aliyeimwagilia. Na hicho walikipima mpaka nusu kilo.

Niling'oa ile karatasi nikaikunja mfukoni. Mgambo hakunizuia. Nilimwambia mama asimame, akasema hasimami mpaka mtendaji amkute pale pale walipomweka. Basi nami nikakaa chini, pembeni ya mzigo, mpaka mtendaji alipofika karibu saa kumi. Alipoona mtumishi wa mradi amekaa mavumbini na mtuhumiwa alichanganyikiwa. Hakuandika faini. Alisema yaishe, mama achukue kuni zake aende. Mama alijitwika mwenyewe, akakataa nimsaidie, akaondoka bila kuniaga.

Sikugongomea kibao hata kimoja. Nilikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba aitishe mkutano wa hadhara. Aliniuliza ajenda. Nikamwambia uzito wa miti. Alifurahi, alidhani naleta habari ya madarasa.

Mkutano ulikuwa siku ya nne yake. Nilisimama na daftari langu na nakala ya ripoti, nikawasomea. Nikasoma urefu wa daftari, kisha urefu wa ripoti, mti kwa mti, kiwanja cha kwanza chote. Sikuongeza maelezo. Walipoanza kunong'ona nikasema kwamba ripoti ile ina saini yangu na kwamba niliisaini nikijua. Mwenyekiti alinyanyuka kunikatiza, akasema huyu binti ametumwa na washindani. Wanaume wawili watatu wakasema nitolewe. Mzee mmoja wa Kirangi aliyekuwa mwalimu akauliza swali ambalo nilikuwa nimesafiri nalo: je, inawezekana kujua ukweli bila kumtegemea mwenye daftari wala mwenye ripoti? Nikajibu inawezekana. Tukate miti michache, tuipime.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko za mwanzo. Kukata miti ya mradi. Mlima ule ni ardhi ya kijiji, lakini mkataba ulisema mti haukatwi. Walibishana mpaka watu wakaanza kuondoka kwenda kufungua mbuzi. Aliyeyamaliza ni mwenyeji wangu. Alisimama mahali alipokuwa amekaa, hakuja mbele.

"Mkataba unasema msitu una uzito kadhaa," alisema. "Mimi nimepimiwa kuni. Na wenyewe upimwe."

Wanawake wakapiga makofi, na mkutano ukapitisha miti tisa.

Bwana misitu wa wilaya alikuja na kibali wiki iliyofuata, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Sikumsikia akilaumu wala kusifu. Aliweka muhuri, akavua koti, akabaki siku zote tatu kutusaidia kunyanyua magogo.

Tuliichagua miti kwa kura. Niliandika namba za miti kwenye vikaratasi, kundi la myembamba, la wastani na la minene, tukaviweka kwenye sufuria, mama akachota bila kuangalia. Kikaratasi cha sita kilikuwa cha mti ulio kwenye mstari wake. Aliutambua mara tulipoufikia. Fundi wa chenso, ule msumeno wa injini, aliuliza kama tuchague mwingine. Nami nilitaka kusema ndiyo. Yeye alisema kura ni kura, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja mikono. Mti ulipoanguka alikwenda kwenye kisiki, akainama, akapitisha ukucha kwenye duara za miaka, karibu na kiini ambako duara zilikuwa zimebanana kama nyuzi. Aliniambia hapo ndipo walipobeba maji mpaka Krismasi. Basi. Akaenda kukusanya matawi.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Tulisimamisha nguzo tatu kama mafiga, tukazifunga pamoja juu, tukaining'iniza hapo mizani ile ile ya alizeti. Kila shina tulilikata vipande vya kubebeka, tukapima, nikaandika. Matawi tukayafunga mafungu, tukapima. Majani yale ya sindano tukayakung'utia kwenye turubai, tukapima. Hata unga wa msumeno tuliukusanya kwa fagio. Mizizi tuliichimba ya miti mitatu tu, na ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba sululu mbili zilivunjika mpini. Miwili kati ya ile tisa ilikuwa na sauti ya debe. Tulipoipasua ulitoka udongo wa mchwa ndoo nzima na zaidi. Bwana misitu aliushika mkononi, akausaga kwa vidole, akaniuliza kama na huu ulihesabiwa mbao. Nikasema ndiyo, ulihesabiwa.

Kutoka kila mti nilikata visahani vya mbao, nikavifunga na namba, kwa sababu mti mbichi umejaa maji na maji si kaboni. Inabidi ukaushe kisahani mpaka uzito wake usibadilike tena, ndipo ujue kilo moja mbichi inabaki kavu kiasi gani. Kazi hiyo hufanywa na tanuri la maabara. Nilizunguka Dodoma siku nzima kutafuta maabara, na kila mahali waliuliza barua ya kampuni. Barua sikuwa nayo, maana dada alikuwa ameshapata habari na alikuwa amenitumia ujumbe wa mstari mmoja kunijulisha kwamba mkataba wangu umesitishwa. Mwishowe jirani yangu, mama anayeoka mikate kwa ajili ya maduka ya mtaani, alinikubalia nitumie tanuri lake baada ya kila mpiko. Nilikaa kwake siku tano, nikiingiza visahani, nikivitoa, nikivipima kwenye mizani yake ndogo ya unga na hamira, nikivirudisha. Mikate ya wiki ile ilinuka utomvu. Wateja walilalamika, naye akawajibu kwamba ni dawa ya kifua.

Nilipiga hesabu mara tatu. Jirani yangu akazipitia tena, kwa sababu ana kichwa cha hesabu na mimi nilikuwa sijiamini tena. Miti tisa ile, kwa wastani, haikufika nusu ya uzito ulioandikwa kwenye ripoti niliyoisaini.

Nilirudi kijijini kuwasomea. Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea kushukuriwa. Nilisimama na karatasi yangu, nikasoma, nikakaa. Kisha mwanamume mmoja akauliza, kwa hiyo madarasa? Nikasema mradi ukiandikwa upya kwa uzito huu utakuwa mdogo, na huenda kampuni isiutake. Akanitazama kama mtu aliyeibiwa na mimi. Wengine wakaanza kusema kwamba mjini hakuna ambaye angejua, kwamba uongo ule ulikuwa haumdhuru mtu. Nilitaka kumwonyesha kila mmoja ile karatasi ya kilo ishirini na tatu na nusu. Nilikuwa nayo mkobani. Sikuitoa, kwa kuwa mwenyewe alikuwepo.

Baada ya mkutano alinifuata nje. Nikamwamkia, na safari hii aliitikia. Akaniuliza kama yale niliyoyasoma ni kweli kabisa. Nikamwambia ni kweli.

"Basi wametudanganya wao, na wewe umetupunguzia," alisema. "Nilidhani tulifanya kitu kikubwa."

"Mama, mlifanya. Bila maji yenu pangekuwa hakuna mti."

"Hilo nalijua. Nilitaka na wao walijue. Ulipokaa na ile kalamu ungewaandikia ukweli tangu siku ile, nisingejua habari ya uzito mkubwa, nisingeutamani."

Hakupandisha sauti. Akaniambia nipite nyumbani nichukue mlenda mkavu wa kumpelekea mama yangu, na tulitembea mpaka kwake. Nimeyatafakari maneno yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa na haki ya kunikasirikia. Hakuna siku nimeweza kujitetea mbele yake, hata kichwani.

Dada alinipigia simu juma lile. Alisema nimemharibia, kwamba nakala ya vipimo vyetu imemfikia mkaguzi kupitia wilayani, kwamba kampuni inahamisha mradi mkoa mwingine na yeye ndiye ameandikiwa barua. Alinikumbusha vile viatu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamwambia habari ya yule mama kukalishwa juani na mzigo wake kupimwa.

"Hilo sikulijua," akasema.

"Hukuuliza."

Akakata.

Kampuni iliondoka kweli. Haikulipa wala haikudaiwa, ilifunga tu virago vyake. Mlima ukafunguliwa, kamati ikaweka utaratibu wa siku mbili kwa wiki za kuokota kuni. Msingi wa darasa uliokuwa umeanza kuchimbwa mbuzi wakaufanya mahali pa kulala. Kuna watu kule mpaka leo wakiniona wananigeuzia mgongo, na siwezi kusema hawana sababu. Mimi nilikaa karibu mwaka bila kazi ya kupima, nikauza miche ya mipapai na mizabibu nyuma ya nyumba. Nilipoitwa tena, na watu wengine kabisa, upande wa Mtera, niliuliza swali moja kabla ya mshahara: kanuni ni ya miti ya wapi? Mtu wa kwanza hakuelewa swali, nikakataa. Wa pili alielewa. Ninafanya naye kazi sasa.

Mwaka jana nilimkuta dada kwenye benchi la kliniki ya macho mjini. Tulikuwa wawili tu upande ule wa ukuta, na hakukuwa na namna ya kujifanya hatujaonana. Amenenepa kidogo, anafundisha siku hizi. Tuliulizana habari za nyumbani. Halafu akageuka.

"Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, akasema hata yeye ana hasira, ila hajui amkasirikie nani, maana aliyempa agizo naye alikuwa amepewa, na aliyempa huyo alikuwa nchi nyingine akitazama kioo cha kompyuta. Alisema kila mtu alitaka namba na yeye alikuwa mtu wa kutoa namba. Ningeweza kumwonea huruma. Alikuwa amechoka na macho yalikuwa mekundu. Lakini nilikumbuka jinsi alivyotamka neno kurekebisha, kwa upole, na karanga mezani, na nikaona kwamba sitaki kumsaidia kulibeba. Nikamwambia anikasirikie mimi, nipo hapa, na mimi nilisaini.

Akacheka kidogo, bila furaha. Namba yake ikaitwa. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, maana walikuwa wamemtia dawa ya kupanua mboni na alikuwa haoni vizuri. Nilimwangalia mpaka alipoupata mpini wa mlango. Sikwenda kumshika mkono.